Mashine Iliyogoma kwa Kilichoondoka

Wapendwa, simu zenu ziwekeni mfukoni kidogo, maana leo nataka kuwasimulia habari ya babu yake simu. Nasema ile kompyuta ya mezani, ya zamani, yenye kioo kilichotuna mgongoni kama tenga la kuku. Wa rika langu mnaikumbuka. Vijana, ninyi mtaniamini tu.

Palikuwa na mama mmoja, mjane. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyimbo zake zote alizitungia kwenye kompyuta ya namna hiyo. Zilikuwa humo, maneno na noti, wala hapakuwa na mahali pengine duniani zilipoandikwa. Mzee akafariki. Siku ya kuanua matanga, ndugu wakagawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu, huyu koti, yule redio. Mdogo wake marehemu, ambaye naye alikuwa na kompyuta kuukuu kwake, akasema, "Shemeji, mimi nipe kumbukumbu ndogo tu." Akashika bisibisi, akang'oa kile kifaa cha kusomea disketi, vile vidude bapa vya plastiki tulivyokuwa tukihifadhia kazi zetu enzi hizo. Mama akakubali. Nani anakatalia watu siku kama ile?

Kesho yake mama akawasha mashine, anataka kuutazama wimbo wa mwisho wa mumewe. Mashine ikaguna, ikaandika kwenye kioo cheusi kwamba kuna hitilafu, kifaa hakipatikani. Ikasimama papo hapo. Jamani, mama hakungoja zaidi! Akazima. Baadaye akajaribu tena, mambo ni yale yale. "Basi," akasema, "shemeji ameondoka na nyimbo za mume wangu." Akaifunika mashine kwa kanga. Na shemeji je? Salamu ikakoma. Wakikutana sokoni, mama anageukia nyanya na kuzikagua kana kwamba hajawahi kuona nyanya maishani.

Mwaka ukapita hivyo, kwaya inaimba nyimbo za kuazima. Ndipo akahamia pale dada mmoja, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, akajiunga na kwaya. Aliposikia habari ile, akaenda kubisha hodi kwa yule mama.

"Shikamoo, mama. Naomba niione hiyo mashine."

"Marahaba, mwanangu. Utaona nini? Hiyo ni maiti, basi tu haijazikwa."

Kanga ikaondolewa, mashine ikawashwa. Ikaguna, ikaandika yale yale. Mama akanyoosha mkono aizime, kama alivyozoea.

"Subiri, mama! Umewahi kusoma mpaka chini?"

"Nisome nini tena? Si imeshasema hakipo?"

"Kisichokuwepo ni kile cha disketi, na ni kweli, hakipo. Lakini tazama mstari wa mwisho. Bonyeza hapa uendelee, au bonyeza pale uingie kurekebisha."

Mstari huo ulikuwepo siku zote, wapendwa. Mama alikuwa akifika kwenye neno hitilafu, anazima.

Mwalimu akabonyeza. Ukatokea ukurasa wa buluu, ule ambao mashine hizo hutunzia habari za viungo vyake, kipi kipo na kipi hakipo. Kwenye disketi bado iliandikwa kwamba ipo! Kwa hiyo kila ikiamka, mashine ilikitafuta kile kifaa, ikakikosa, ikagoma. Na chini yake ilionekana diski ya ndani, ile kubwa inayobeba kila kitu, nzima kabisa, imetulia zake.

"Nyimbo zimo humu, mama. Hazijaenda popote."

Akashuka kwa vitufe vya mishale. Pale kwenye disketi akaweka "hakuna". Palipoandikwa "simama kwa kila hitilafu" akaweka "usisimame". Akahifadhi, akatoka. Mashine ikazima, ikaamka, ikapita moja kwa moja. Nyimbo hizo hapo, zimejipanga kwenye kioo. Mama akapiga vigelegele peke yake sebuleni, machozi yanamtiririka. "Ee Mungu wangu, asante! Kumbe zilikuwa hapa hapa? Asante, Baba, asante!"

Halafu akajishika mdomo. Amemkumbuka shemeji. Akatoka mbio na ndala zisizofanana mpaka kwake. "Shemeji, nisamehe. Nimekulaumu mwaka mzima kwa kitu ambacho hukuchukua."

Shemeji akashangaa. "Kitu gani? Mimi nilidhani kwa kuwa nafanana na kaka, ukiniona unaumia. Ndiyo maana nikawa nakupisha njia."

Ndugu zangu, nawauliza. Yule mwalimu aliongeza nini kwenye ile mashine? Hata skrubu moja hakuongeza! Aliiambia ukweli tu, kwamba kilichoondoka kimeondoka, na kilichobaki kifanye kazi. Je, sisi si ndio hao? Tunaamka asubuhi, tunakagua maisha yetu, tunagota pale pale penye pengo. Kazi iliyokwisha, mchumba aliyetuacha, mtoto tuliyemzika. Tunazima kila kitu, tunafunika kwa kanga, na juu yake tunatafuta wa kumlaumu. Kumbe walio hai, wanaotupenda, tunawageuzia mgongo sokoni.

Sisemi msilie. Yule mama alimlilia mumewe, na alistahili kulia. Mungu hajamkemea mtu kwa machozi yake. Nasema tusizime kabla hatujaona tulichobakiziwa, maana Mungu alipoacha kimoja kiondoke hakuacha vyote viondoke.

Kwa hiyo kesho ukifumbua macho, kabla hujataja kilichokutoka, mshukuru Mungu kwa kimoja kilichobaki. Kimoja tu, kitaje kwa jina. Na kama yuko mtu hapa anayesema moyoni, "Mchungaji, mimi sijabakiwa na kitu hata kimoja," basi, mpendwa, mshukuru kwa pumzi uliyoivuta sasa hivi ukijiandaa kunibishia.