Uchafu wa Njano

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, ng'ombe mzee aitwaye Bibi Sekela alifiwa na binti yake alfajiri, katika uzazi. Akaachiwa mjukuu, ndama Tumpe, miguu yatetemeka. Chuchu za Bibi zilikuwa zimekauka miaka mingi. Akajua wazi kwamba mtoto asiponyweshwa leo, kesho hayupo.

Jirani yake Nyani akaleta uji wa muhogo. Nia yake njema, maskini. Tumpe akanywa. Tumbo likavimba, ndii! Kisha prrr, prrr, akaharisha mpaka akalala chini.

Mbuzi akaleta maziwa yake, ya vuguvugu. Hayo yakakaa tumboni. Lakini Mbuzi ana mapacha wake, na kibuyu kilikuwa kidogo. Bibi akamshukuru, akashuka bondeni kutafuta zaidi.

Huko akamkuta Nyati, aliyezaa asubuhi ileile, anakamua dang'a lake chini. Chwaa, chwaa. Zito, la njano. Ndiyo mila ya ukoo wao: maziwa ya kwanza ni uchafu, humwagwa, mtoto hungoja yale meupe. Kila mwaka ndama wao walikufa, nao wakailaumu baridi.

Bibi Sekela akapiga magoti.

"Mwanangu, huo uchafu usiumwage. Nipe mimi, binti yangu kafa leo, kaacha ndama. Na wako mwonjeshe, nakuomba."

Nyati akaona haya kumnyima mfiwa. Akajaza kibuyu, na mtoto wake naye akamnyonyesha.

Tumpe akanywa, gubu, gubu, gubu. Jua likishuka, akasimama! Bibi akalia kwa furaha, wala hakujificha. Baada ya dang'a yakafuata maziwa ya Mbuzi na ya Nyati, asubuhi na jioni. Uji wa Nyani aliuweza baadaye, alipokwisha kuzoea majani.

Miaka ikapita. Tumpe akazaa. Siku hiyo akasikia kuwa binti wa Nyati amekufa, ameacha ndama mchanga. Akamnyonyesha wake, akajaza kibuyu, akashuka bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea ule uchafu wako."

Nyati akakipokea kibuyu, machozi yakamtoka.

Basi, wenzangu, mtoto mchanga mpeni dang'a kwanza, mengine yatafuata. Na aliyekunywesha siku ya kwanza usimsahau. Hadithi yangu imefika zizini, imelala hapo.