Fisi na Lenzi ya Mdomo Mpana

Hodi wasikilizaji.
— Karibu na la moyoni.
Nilimwage?
— Mwaga, tumekinga.

Kwanza apeni: haya hayatoki hapa. Mmeapa? Haya. Nami niliapa hivyohivyo kwa Mama Fisi, mkewe Fisi, asubuhi ya leo. Basi sikilizeni.

Binti Kanga alikuwa anaolewa. Mwenyekiti wa kamati ni Fisi, ufunguo wa stoo ya nyama kauvaa shingoni. Fundi picha ni Nguchiro, kadogo hako, mpaka apande kigoda ndipo amfikie bibi harusi kidevuni. Kila harusi nyama ilipungua, na kila ilipopungua alisingiziwa Nguchiro. Safari hii wazee wakamwambia, "Likipotea hata pande moja, unahama na watoto wako."

Nguchiro akaja na lenzi mbili za kupigia sura. Urefu mmoja, midomo mbalimbali.

"Mwenyekiti, chagua. Hii mdomo mpana, ile mdomo mdogo."

"Zina tofauti gani, wewe kijidudu?"

"Ya mdomo mdogo inatoa bibi harusi na wote walio nyuma yake. Ya mdomo mpana inashika mmoja tu. Wengine ukungu."

Fisi akameza mate. "Wa nyuma hatambulikani?"

"Hata mama yako mzazi hakutambui."

"Piga na ya mdomo mpana. Mimi nitakaa nyuma, kwenye masufuria, nilinde."

Kanga akatabasamu. Kamera ikalia kacha. Nyuma kukalia ng'wafu.

Kanga akageuza shingo. Kacha. Ng'wafu.

Kanga akainua kidevu. Kacha. Ng'wafu, ng'wafu.

"Fundi, mbona unaizungusha sana hiyo lenzi?" akauliza Kanga.

"Namtafuta wangu, dada. Tulia hivyohivyo."

Watu wakala wali mtupu, wakamkodolea macho Nguchiro. Kisha shuka jeupe likatundikwa ukutani, picha zikamulikwa. Ya kwanza, Kanga ukungu. Ya pili, ukungu. Na nyuma ya ukungu, Fisi peke yake, wazi, sharubu unazihesabu, pande la nyama limejaa mdomoni.

"Huyo ni wa ukoo mwingine," akasema Fisi.

Mkewe akavuta ushungi, akafunika uso. Fisi akainamisha kichwa, na alipoinama pande la mwisho likamponyoka kutoka ndani ya kanzu. Pwata, miguuni pa Kanga.

Hakucheka mtu. Wale wazee wakawa wanatazama kucha zao. Kanga akaliokota, akampa Fisi kwa mikono miwili.

"Mjomba, hili tulikuwa tumekuwekea wewe."

Fundisho: ukiwa na njaa, chagua lenzi ya mdomo mdogo, upotee kwenye umati. Na ukiapishwa siri, itunze kama ninavyoitunza mimi.

Nimemwaga, mmekinga, kibuyu ki—

Nani huyo mlangoni? Aa, karibu, Mama Fisi. Umesimama hapo tangu lini?