Njia ya Kiboko Katika Shamba la Somoe

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mji.

Mji mtupu?

Watu wamo, wanyama wamo, wewe sema tusikie.

Haya, nasema. Lakini yule aliyejiegemeza ukutani asije akasinzia, halafu kesho aje kuniuliza mwisho ulikuwaje. Mimi sirudii.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana na watu njiani, palikuwa na mji mdogo uitwao Kilondwe. Ulikuwa kando ya mto mkubwa. Wenyeji wake, Walondwe, walifika pale kabla ya mtu mwingine yeyote, wakalima bondeni. Kila mwaka mto ulijaa, maji yakaingia bondeni, yakakaa, yakatoka, yakaacha tope jeusi. Kwenye tope lile walipanda mpunga, walipanda mahindi, walipanda maboga, na wakavuna. Baadaye wakaja wageni, wakaomba mahali pa kulima, wakapewa.

Walondwe walikuwa na desturi moja. Kutoka mtoni mpaka kwenye bwawa lililo nyuma ya mji palikuwa na njia pana, upana wa vitanda viwili. Ilikuwa njia ya Kiboko. Kila siku Kiboko na mkewe walitoka mtoni, wakaifuata njia hiyo mpaka bwawani, wakala majani yao, wakarudi. Wazee wa kwanza walikuwa wamepatana naye: Kiboko asikanyage kilichopandwa, na watu wasipande kwenye njia ya Kiboko. Walipatana hivyo, na miaka ikapita mingi, hakuna aliyevunja.

Sasa njia ile ilipita wapi? Ilipita katikati kabisa ya shamba la Somoe.

Somoe alikuwa Mlondwe wa damu, mjukuu wa wenyeji. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto watano, na watoto wale, jamani, walikuwa wanakula. Kila msimu Somoe alipiga jembe upande huu wa njia, akapiga jembe upande ule, na katikati akaacha. Akitazama mashamba ya wageni, anaona yamenyooka mpaka mwisho, hayana njia wala nini. Moyo ulimuuma. Alijiuliza kwa nini wao waliofika mwanzo ndio wavune kidogo kuliko wote.

Bibi yake, kabla hajafa, alimwambia, "Usiifunge njia." Somoe akaitikia ndiyo bibi. Hakuuliza kwa nini, na bibi naye hakusema. Ndivyo tulivyo sisi watu wazima. Tunatoa amri, tukiulizwa sababu tunakasirika.

Siku moja Somoe analima, akasikia sauti juu ya mti. Alikuwa Ngedere. Ngedere aliishi kwenye msitu wa ng'ambo ya njia, na mahindi ya Somoe ya upande wa mji alikuwa akiyatazama kwa macho tu. Alikuwa akiogopa kuvuka pale peupe, mbwa wa mji wangemwona. Lakini hilo hakulisema. Alisema pole, dada yangu. Akamhesabia Somoe watoto wake mmoja mmoja kwa majina, akasikitika sana, akamwambia kwamba mnyama mmoja anakula shamba la watoto watano kwa miguu yake.

Somoe akaendelea kulima. Ila jioni ile alikata miiba, akaitandaza njiani.

Asubuhi Kiboko akatoka mtoni. Akafika kwenye miiba, akasimama, akaimba:

*Somoe, mjukuu wa wenyeji,*
*natoka mtoni, naenda bwawani,*
*niambie nipite wapi.*

Miaka yote Somoe alikuwa akimjibu, pita Babu, njia ni yako. Siku ile alimwambia kwamba ni upepo ulioangusha miiba, azunguke tu kwa leo. Kiboko akazunguka mbali, akachoka, akarudi mtoni.

Ngedere akasema miiba haitoshi, dada. Somoe akakata magogo, akajenga uzio. Asubuhi Kiboko akafika, akasimama, akaimba:

*Somoe, mjukuu wa wenyeji,*
*natoka mtoni, naenda bwawani,*
*niambie nipite wapi.*

Somoe akamwambia ni wageni waliojenga, si yeye, na wageni hawasikii. Kiboko akautazama uzio. Angeusukuma kwa pua tu ungelala chini. Hakuusukuma. Akazunguka tena.

Ngedere akasema uzio utaoza, dada, maliza kazi. Somoe akachimba udongo siku tatu, akajenga tuta kubwa pale njia inapoanzia mtoni, akalishindilia, na juu ya njia yote akapanda mahindi. Mahindi yakaota. Kiboko akafika na mkewe, akasimama majini, akaimba mara ya tatu:

*Somoe, mjukuu wa wenyeji,*
*natoka mtoni, naenda bwawani,*
*niambie nipite wapi.*

Somoe alikuwa ameshika jembe. Aliinama kama anayetafuta kitu, akasema, "Babu, hapa hapajawahi kuwa na njia."

Kiboko alilitazama tuta, akayatazama mahindi. Kisha akasema, "Nimesikia, mjukuu wangu." Akageuka, akamwita mkewe, wakapanda na mto wakaenda zao.

Mwaka ule Somoe alivuna, usipime. Mahindi ya njiani yalikuwa manene, maana udongo ule ulishiba samadi ya miaka na miaka. Ngedere naye alipita humo humo kwenye mahindi, haonekani, akala mpaka tumbo likamvimba. Somoe aliona magunzi yaliyotupwa, akasema si neno, yapo ya kutosha. Watoto wakashiba, wakanenepa, na yeye akalala vizuri.

Ukafika wakati wa mto kujaa. Watu wa Kilondwe walipanda kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakangoja maji. Mto ulijaa kweli. Maji yakaja mekundu, yakafika kwenye ukingo, yakagusa lile tuta, yakapita. Yakaenda zake baharini. Bondeni halikuingia tone.

Watu wakasema labda mwakani. Mwakani mto ukajaa, maji yakagusa tuta, yakapita. Bwawa likakauka, likapasuka. Mpunga haukuota. Mahindi yalitoa majani mawili yakafa. Watu walichimba mizizi ya yungiyungi, wakachemsha, wakala, na ilipokwisha wakaanza kufunga mizigo. Nyumba saba zilihama mwezi mmoja. Mzee Matimbwa, mkubwa wa wageni, alimfuata Somoe, akamwambia kwa upole kwamba wao walikuja kwa sababu Walondwe waliwaambia hapa maji hayakosi. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Na mtoto wa mwisho wa Somoe, Chiku, alikuwa hachezi tena. Alikuwa anakaa tu mlangoni. Somoe alimbeba akaona hana uzito, akaogopa sana.

Siku ile alikwenda mtoni, akasimama juu ya tuta lake mwenyewe. Akatazama ukingo upande wa kulia, ulikuwa mrefu. Akatazama upande wa kushoto, ulikuwa mrefu. Pale tu alipokuwa akipita Kiboko ndipo ukingo ulipolika, ukashuka chini, na pale ndipo yeye alipoziba. Akaketi pale pale.

Akawaacha watoto kwa mke wa Matimbwa, akafuata mto kwenda juu.

Siku ya kwanza alimkuta Kenge, akamuuliza habari za Kiboko. Kenge akamwambia alipita hapa, hakusema na mtu. Siku ya pili alimkuta Mamba, akamuuliza kwa mbali, maana njaa si ya watu peke yao. Mamba akamwambia endelea mbele. Siku ya tatu alimkuta Kiboko amelala majini na mkewe, na kati yao mtoto. Nyuma yao ilikuwapo njia mpya, pana, inayoingia kwenye bonde ambalo Somoe hakulijua. Bonde lile lilikuwa kijani.

Somoe akapiga magoti kwenye tope. "Babu, njia ilikuwapo," akasema. "Nilidanganya mara tatu. Watu wanahama, na mwanangu anakufa kwa njaa. Rudi."

Kiboko hakukasirika. Alimwambia kwamba yeye alikuwa anakwenda kula majani tu. Maji ndiyo yaliyokuwa yakimfuata, yakiingia kwa njia yake na kutoka kwa njia yake, na wazee wa Somoe walilijua hilo, ndiyo maana walipatana. Somoe alilia aliposikia, akamkumbuka bibi yake, akamlaumu, kisha akajilaumu mwenyewe.

"Nimekusamehe," Kiboko akasema. "Lakini mtoto wangu amezaliwa hapa. Njia anayoijua ni hii. Sirudi."

Somoe akauliza basi wao wafanye nini. Kiboko akamwambia njia ni uzito. Akamwambia ikanyagwe kila mwaka, kutoka mtoni mpaka bwawani, na wanaokanyaga wawe wazito.

Somoe akarudi kwa mwendo wa siku tatu. Chiku alikuwa bado hai, anapumua kwa shida. Somoe hakuingia hata ndani. Aliwaita watu wote, wenyeji na wageni, akasema mbele yao aliyoyafanya, moja baada ya moja, na lile la kuwasingizia wageni akalisema pia. Baadhi ya Walondwe, waliokuwa wameliona tuta wasimwambie kitu, walitazama pembeni kwa aibu. Mzee Matimbwa alikuwa na mzigo wake kichwani, tayari kwa safari. Akautua.

Wakalibomoa tuta. Wakaingia njiani wakiwa watu mia mbili, miguu mitupu, wakakanyaga. Akina mama walibeba watoto mgongoni ili wawe wazito. Wanaume walibeba vinu na mawe ya kusagia. Wazee waliokuwa hawawezi kutembea walibebwa, nao wakasema angalau uzito wetu una kazi. Somoe alitangulia, Chiku mgongoni. Walikwenda bwawani wakarudi, wakaenda wakarudi, siku kumi na moja, na tumboni hamna kitu ila maji na mizizi. Ngedere aliwatazama kutoka mtini. Akataka kuvuka, akaona peupe, akarudi msituni kwake, na huko hakukuwa na mahindi.

Siku ya kumi na mbili mto ukajaa. Maji yakafika ukingoni. Yakasita pale, kisha yakaingia njiani taratibu, yakawafika watu kwenye vifundo vya miguu, yakawapita. Watu wakayafuata nyuma mpaka bwawani. Somoe alimshusha Chiku, akamsimamisha kwenye maji yale, akamshika mikono yote miwili. Mtoto akayapiga maji kwa mguu, mara moja tu, akacheka.

Maji yalileta samaki, samaki wakawavusha mpaka mpunga ulipoiva. Hawakushiba mwaka ule, lakini hakuhama tena mtu. Na kila mwaka, mto ukikaribia kujaa, watu wa Kilondwe walishuka wakaikanyaga njia, wenyeji na wageni, na mtoto akiuliza kwa nini, Somoe alisimama, akamweleza yote, hata yale ya kumtia aibu.

Funzo lake ni hili: uliloachiwa na waliokutangulia, usilivunje kabla hujauliza sababu. Na wewe unayeacha, acha na sababu yake. Somoe alijiongezea shamba la upana wa vitanda viwili, na tangu hapo watu mia mbili walifanya kila mwaka kazi aliyokuwa akiifanya Kiboko mmoja akienda kula.

Kiboko hakurudi.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao, asiyeipenda aiache, nitaibeba mwenyewe.