Kengele ya Kidevu

Kabla ya kumchinja mbuzi, uliza nani anamfuata.

Jana mlimsikia mjomba wenu akisema hivyo, mlipokuwa mnapanga kumpa mtu wa vyuma chakavu ile baiskeli ya babu, mkacheka mpaka mkashika mbavu. Mbuzi ameingiaje kwenye habari za baiskeli? Mjomba naye akanyamaza, maana yeye akishatoa methali huona kazi yake imekwisha. Basi kaeni. Na wewe, weka simu chini. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Vuriha, alikuwepo mwanamke aliyeitwa Eliwaza, mke wa Mbazi. Mbazi alichimba visima huko tambarare, nyumbani alikuja mara moja moja. Eliwaza alibaki na watoto wawili, Tumsifu, binti wa miaka mitano, na Elia aliyekuwa bado ananyonya, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nakijwa. Sitaki mmwone Eliwaza kuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, msafi, mwenye huruma hata kwa kuku. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Jambo likihitaji kutendwa alilitenda papo hapo, lakini likihitaji kuulizwa aliona kuuliza ni kupoteza muda.

Bibi Nakijwa alikuwa na ndafu wake, mbuzi dume aliyehasiwa, ambaye walimwita Kidevu kwa sababu ya ndevu zake. Mama yake Kidevu alikufa siku ile ile ya kumzaa, Bibi akamlea ndani ya nyumba kwa maziwa ya chupa, na sasa alikuwa ametimiza miaka saba. Shingoni alivaa kengele iliyotengenezwa kwa kopo la bati na msumari mnene ndani yake. Kila asubuhi, Elia akishanyonya, Bibi alimfunga mgongoni kwa kanga na safari ya kwenda mferejini ikaanza. Kidevu alitangulia, kong, kong, kong. Bibi alifuata, na Tumsifu akarukaruka nyuma yao. Huko mferejini Bibi alikaa na wanawake wenzake, akasikia habari za kijiji, akafua nepi za mjukuu, kisha wakarudi jua likiwa limepanda.

"Mbuzi huyu hamwachi Bibi Nakijwa," majirani walikuwa wakisema. "Anamfuata utadhani mbwa."

Eliwaza naye alisema hivyo hivyo. Njia zile za milimani ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine kingo za matuta ya mashamba yaliyokatwa kama ngazi, na yeye alikuwa juu ya tuta lake analima. Aliwaona wakipita na akafurahi kwamba mikono yake iko huru. Hakutazama zaidi ya hapo.

Na ya kutazamwa yalikuwepo. Bibi alikuwa ameacha kuchagua mchele. "Hiyo kazi ni ya macho ya vijana," alisema, na Eliwaza akadhani ni uvivu wa uzee. Mtu akimpungia mkono njiani, Bibi alipita kimya, lakini mtu huyo huyo akikohoa tu, Bibi alimwita kwa jina na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Watu wakasema ana maringo, bibi huyu, mpaka ukohoe ndipo akusalimie! Walimtania na yeye akacheka pamoja nao.

Ikakaribia siku ya kumbatiza Elia. Mbazi alipiga simu akasema atakuja na wenzake wanne wa kazini, na wazee wa kanisa watakula nyumbani, kwa hiyo lazima ndafu apatikane.

"Yupo Kidevu," Eliwaza alisema.

Mbazi akasema, "Yule ni wa mama. Muulize kwanza."

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Wiki ile Kidevu alikuwa ameingia kwenye maharage ya jirani akala mstari mzima, na siku ya pili yake akatafuna kona ya kitambaa cha meza ambacho Eliwaza alikifuma kwa ajili ya sherehe. Moyoni alisema: mbuzi amezeeka, shughuli ni ya mjukuu wake mwenyewe, na fungu la kidari, ambalo huko kwao ni heshima ya bibi, atapewa yeye. Mama atakataaje? Na kweli alitaka kumheshimu. Hilo ndilo linaloniuma mimi kila nikisimulia habari hii, kwamba kosa lile lilifanywa na mtu mwenye nia njema.

Jumamosi wanakwaya walikuja kumchukua Bibi wakapambe kanisa, wakamshika mkono huku na huku wakiimba njia nzima. Alipoondoka, Eliwaza akaita wachinjaji. Mwenyewe alimvua Kidevu kengele na kuitundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni.

Jioni Bibi alirudishwa. Alisimama uani akainamisha kichwa.

"Mbona kimya? Kidevu yuko wapi?"

"Nimemfunga kule nyuma, mama, asije akatuharibia shughuli," Eliwaza alisema. Uongo ule ulimtoka kirahisi, kwa vile aliuona ni wa siku moja tu.

Kesho yake, baada ya ibada, uani palijaa watu. Mzee wa kanisa alisimama na sahani, akasema maneno mazuri juu ya mama aliyelea na anayelea, na kidari kikawekwa mikononi mwa Bibi Nakijwa. Watu wakapiga makofi. Bibi akakata kipande, akatia kinywani, akatafuna polepole.

"Nyama laini," alisema. "Mmempata wapi mbuzi huyu?"

Mgeni mmoja wa Mbazi, kijana mchangamfu aliyesikia habari kwa wachinjaji na asiyejua lolote zaidi, akajibu kwa sauti kubwa, "Si yule wako wa ndevu, Bibi! Kumbe ulikuwa unatutunzia!"

Mbazi akamgeukia mkewe. Eliwaza akatazama chini. Bibi Nakijwa aliacha kutafuna. Wageni wote walikuwa wakimwangalia, na yeye hakuwa mtu wa kumwaibisha mkwewe mbele ya watu. Akameza. Akasema, "Asanteni sana, wanangu," na sahani akaiweka magotini, asiiguse tena.

Usiku ule Mbazi alimuuliza mkewe neno moja tu, "Ulimuuliza?" kisha akageukia ukutani. Alfajiri akarudi kazini.

Jumatatu, Eliwaza alimnyonyesha Elia akampelekea Bibi kama kawaida. Bibi alikuwa amekaa kizingitini.

"Kaa naye, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Jumanne mgongo uliuma. Jumatano pia. Eliwaza akawa analima na mtoto mgongoni, jua linawachoma wote wawili. Siku ya tano akashindwa kuvumilia.

"Mama, mbuzi ni mbuzi tu! Tutakutafutia mwingine. Usimnunie mtoto kwa ajili ya mbuzi."

"Sijanuna, Eliwaza."

"Sasa hii ni nini?"

Bibi alinyoosha mkono kumpapasa Elia, lakini Eliwaza alikuwa ameshageuka na mtoto wake, na ule mkono ukabaki hewani. Aliuona kwa pembe ya jicho. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema kwamba, katika yote, mkono ule ndio uliomnyima usingizi.

Siku ya tisa Eliwaza alikuwa shambani anapalilia, Elia amelala chini ya kivuli cha mgomba. Akasikia kong, kong, kong. Alishtuka mpaka jembe likamponyoka. Akatazama chini njiani. Tumsifu ndiye aliyekuwa akija, kengele ya Kidevu imening'inia shingoni mwake kwa kamba ya mgomba, na nyuma yake, hatua tatu hivi, Bibi Nakijwa, amebeba ndoo ndogo, uso kaunyanyua juu.

Eliwaza alitaka kucheka. Ni mchezo wa mtu na mjukuu wake, basi wamepatana. Lakini Tumsifu aliona panzi. Mtoto ni mtoto. Akaacha njia, akaruka kwenda ukingoni mwa tuta kumkimbiza panzi, akateremka kwa wepesi wake hadi tuta la chini, kengele ikilia huko. Na Bibi naye akaiacha njia. Hakusita wala hakutazama chini, akaenda moja kwa moja kuelekea ukingoni, kule kengele inakolia.

"Mama! Simama! Simama hapo hapo!"

Bibi alisimama. Udongo wa ukingo ulimomonyoka chini ya mguu wake, akakaa kitako, ndoo ikabingirika mpaka chini. Eliwaza alishuka matuta mawili bila kujua ameshukaje. Alipomfikia alipiga magoti mbele yake, akaupitisha mkono mbele ya macho yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Macho hayakuufuata.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Bibi haoni," alisema Tumsifu, ambaye alikuwa amepanda tena juu na panzi wake mkononi. "Anamfuata Kidevu. Kidevu anajua njia yote. Mimi sijui vizuri."

"Wewe ulijua?" Eliwaza alimgeukia. "Ulijua, mbona hukusema?"

Mtoto akamtazama mama yake kwa mshangao. "Hukuniuliza."

Eliwaza akaketi pale udongoni. Miaka yote watu walisema mbuzi anamfuata bibi. Walimwona mbuzi mbele na bibi nyuma kila siku ya Mungu, na bado walisema mbuzi anamfuata bibi.

"Mama, kwa nini ulitufichia? Tungekutunza!"

"Najua mngenitunza," Bibi Nakijwa alisema. Alikuwa akimpapasa Tumsifu shingoni, anatafuta fundo la ile kamba. "Mama mkwe wangu mimi alikuwa kipofu. Nilimtunza, kijiji kizima kilinisifu. Nilimweka pembeni ya jiko, nikampa uji wa moto na blanketi. Lakini sikuwahi kumpa mtoto ambebe. Alikuwa akiniomba, mimi nasema, 'Pumzika, mama.' Alikufa mikono mitupu. Macho yangu yalipoanza kuondoka nilijua yaliyonisubiri, kwa sababu niliyafanya mwenyewe."

Fundo likalegea. Akaivua kengele, akampa Eliwaza mkononi.

"Mtoto wa mtu havalishwi kengele," alisema. "Nilimkubalia kwa tamaa yangu ya kufika mferejini. Itundike pale ulipoitundika."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijameza. Ila nilichopoteza, Eliwaza, huna cha kunirudishia."

Na kweli hakuwa nacho, ingawa alihangaika. Walinunua mbuzi mwingine wakamvika kengele ile ile, akawa anakwenda kila panapoota majani mabichi, maana njia ile Kidevu alijifunza kwa miaka saba, na mbuzi hafundishwi kwa wiki mbili. Eliwaza akasema atamshika Bibi mkono yeye mwenyewe kila asubuhi. Wakaenda siku kadhaa. Lakini Bibi alisikia jinsi mkwewe alivyokuwa anaharakisha kurudi kwenye jembe, na asubuhi moja akasema, "Nenda tu, mwanangu. Mimi nitakaa." Akakaa pembeni ya jiko. Eliwaza alimwekea Elia mapajani kila siku, tena bila kuombwa, na Bibi alifurahi, na mtu ambaye hakuiona raha ile ndiye aliyekuwa hana macho. Lakini Elia alikuwa ameanza kutambaa, na mtoto anayetambaa hakai mapajani. Aliteremka akaenda zake, na Bibi akabaki anasikiliza alikoelekea.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Siku ya mazishi, wanawake wa mferejini ndio waliolia kuliko wote, na mmoja wao akasema hajui ni nini kilichomfanya mwenzao awaache ghafla vile. Eliwaza akasimama mbele ya watu wote akawaeleza, bila kujipunguzia hata neno.

Tangu siku hiyo, popote alipoalikwa kwenye shughuli, akimwona mbuzi amefungwa anasubiri kisu, alimwendea mwenye nyumba na kusema yale maneno mliyoyacheka jana. Mwanzoni walimwona anawaharibia karamu. Halafu wakaanza kumsikiliza. Mwishowe maneno yale yakatembea hata pasipo na mbuzi, yakasemwa kwenye kukata mti, kwenye kubomoa kibanda, kwenye kumfukuza paka wa mtu, mpaka yakafika kwa mjomba wenu.

Haya. Nimesema weka simu chini, sasa inuka uchungulie dirishani. Babu yenu yule anarudi kutoka kanisani na baiskeli yake isiyo na mnyororo. Mnasema ni mzigo, kila siku anaisukuma na haipandi. Mtazameni vizuri pale kwenye mteremko. Angalieni anavyouegemea ule usukani kwa mikono yote miwili. Mmewahi kumwona babu ametoka nje ya ua huu bila hiyo baiskeli? Mmewahi kumwona na mkongojo?

Mnaona sasa ni nani anayemsukuma mwenzake. Nendeni mkampokee, na yule mtu wa vyuma chakavu akija, mwambieni mzee amekataa.

Kabla ya kumchinja mbuzi, uliza nani anamfuata.