Mzee Ambakisye na Kompyuta Iliyojaa

Kisa hiki kisome taratibu, usikiruke katikati. Ukimaliza utajua mwenyewe ni nani wa kumtumia.

Huko Tukuyu, ambako mvua ikiamua kunyesha haimwombi mtu ruhusa, aliishi bwana mifugo mstaafu aliyeitwa Mzee Ambakisye. Aliishi peke yake. Mkewe, Mama Tusekile, alikuwa ametangulia mbele ya haki baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Subilaga, naye alikuwa Kanada akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Hata mazishi ya mama yake hakuyahudhuria. Vibali vyake vya ukaazi vilikuwa havijakamilika. Angetoka asingeruhusiwa kurudi.

Simu ya mzee ilikuwa kitochi, ya kusikilizana tu. Lakini sebuleni alikuwa na kompyuta ambayo Subilaga aliwatumia wazazi wake ili waonane kwa video. Enzi za uhai wa mama, kila Jumapili walikaa mbele yake wote wawili, wamebanana kiti kimoja, wakigombea nani aonekane zaidi.

Mama alipofariki, mzee aliacha kupiga simu za video. Kompyuta akaipa kazi nyingine. Wakati mkewe anaumwa alikuwa akimrekodi kwa kamera ndogo, na zile video zote alizihamishia humo. Mama Tusekile akipepeta maharage. Mama Tusekile akifukuza kuku jikoni na kuwatukana kwa Kinyakyusa. Mama Tusekile akiimba sauti ya pili huku ya kwanza hakuna wa kuiimba. Ilikuwepo hata moja ambayo haina kitu ila udongo na ncha ya kandambili yake, kwa kuwa mzee alisahau kuzima kamera. Nayo hakuifuta. Kila baada ya chakula cha mchana alikaa akazitazama, na kwa muda huo nyumba ilikuwa na watu wawili.

Siku moja Subilaga alipiga kwenye kitochi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, nimekukumbuka. Washa kompyuta leo tuonane."

Mzee akawasha. Programu ya simu za video ikakataa kufunguka. Ikamwandikia kwamba mfumo wa kompyuta umepitwa na wakati, ausasishe kwanza. Akabonyeza asasishe. Ikamwandikia tena: nafasi haitoshi, punguza vilivyomo.

Akampigia mtoto wake kumweleza.

"Basi, Baba, futa video chache," Subilaga akasema.

Mzee akauliza, "Zipi?"

Wakasikilizana wanavyopumua.

"Au zipeleke kwa fundi," Subilaga akasema hatimaye, "azihamishie kwenye diski nyingine. Hazitapotea."

"Picha za msiba wa mama yako nazo waliziweka kwenye flashi, wakasema hazitapotea. Ilipofunguliwa ilikuwa tupu kama kibuyu. Mwanangu, mke wangu nimeshamzika mara moja. Sitamzika tena kwa mkono wangu."

"Baba, mimi nataka nikuone tu."

"Uso wangu ni uleule. Unaujua tangu unanyonya."

"Nataka niuone sasa."

"Una nini wewe? Unaumwa?"

"Siumwi, Baba. Nimekukumbuka."

Basi likabaki hapo. Kompyuta ilipouliza kama isasishe, mzee alibonyeza palipoandikwa: nikumbushe baadaye.

Masika yakapita. Subilaga aliendelea kuomba. Safari hii kwa utani, safari nyingine kwa kubembeleza. "Baba, tumia hata simu ya jirani." Mzee akajibu kwamba hawezi kwenda kumlilia mtoto wake kwenye simu ya watu. Kila alipokata simu alijisikia vibaya, akaahidi moyoni kwamba wiki ijayo atakwenda kwa fundi.

Na kweli alikwenda. Aliifunga kompyuta kwenye kitenge cha marehemu, akaibeba kifuani hadi mjini, kwenye kibanda cha fundi Nsajigwa. Akakuta mezani kompyuta ya mtu imepasuliwa, matumbo nje. Kando yake mama mmoja anapiga kelele: "Kazi zangu zote! Umeniulia kazi zangu zote!" Mzee hakusubiri zamu yake. Aligeuza palepale, akarudi nyumbani na mzigo wake, akala mchana, akamtazama mkewe akifukuza kuku.

Subilaga alipouliza, alimjibu, "Fundi hakuwepo."

Mahindi yakavunwa. Ikaja baridi ya Julai na ukungu wake. Ndipo mzee akagundua jambo: Subilaga haombi tena. Anasalimia, anauliza habari za migomba na mafua ya baba yake, halafu anaaga. Kuhusu kompyuta, kimya.

Mwanzoni mzee alishukuru. Baadaye ule ukimya ukaanza kumkera kama mwiba uliokatikia ndani. Mtoto anayelilia kitu akinyamaza ghafla, mzazi huacha anachofanya, akaenda kumtazama. Asubuhi moja aliamka, akaifunga tena kompyuta, akaenda mjini.

"Fundi," alisema, "humu ndani yumo mke wangu. Fanya kazi yako, lakini mimi nakaa hapa hapa."

Fundi Nsajigwa akamtazama, akavuta kiti chake mwenyewe akampisha. Alichomeka diski nyingine pembeni, akahamisha video zote, kisha akazifungua moja moja mbele ya mzee ili ahakikishe. Sauti ya Mama Tusekile ikajaza kibanda, anawatukana kuku. Fundi alicheka bila kutaka, halafu akaona macho ya mzee, akaacha.

"Hakuna hata moja iliyopotea, Mzee. Hata hii ya kandambili."

Akafuta zilizokuwa kwenye kompyuta, akausasisha mfumo. Jua halijafika utosini, kazi imekwisha.

"Ni hii tu?" mzee akauliza.

"Ni hii tu."

Alitembea kurudi nyumbani huku akicheka peke yake kwenye manyunyu. Alinyoa ndevu. Alivaa shati la bluu lenye mkunjo wa pasi. Kisha akapiga simu kwa kitochi.

"Subilaga! Kompyuta imekubali! Leo tunaonana!"

Upande wa pili Subilaga alimwita mtu kwanza.

"Sawa, Baba," Subilaga akasema polepole. "Nipigie."

Mzee akapiga. Kwenye kioo kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha akatokea mtoto wake. Amenenepa kidogo, amesuka nywele, amekuwa mama yake mtupu. Mzee alishika kingo za meza.

"Mwanangu! Mbona unatazama dirishani? Niko huku!"

Subilaga akageuza shingo upesi. Safari hii akawa anatazama juu kidogo ya kichwa cha baba yake.

"Umependeza, Baba?" akauliza.

"Wewe unanionaje?"

Subilaga alitabasamu tu.

"Umevaa nini?"

Hapo mzee akausogeza uso wake karibu na kioo.

"Subilaga. Nitazame."

"Baba, nisamehe. Sioni. Mwenzangu ninayeishi naye ndiye aliyeniwekea simu hapa mbele."

Akamweleza. Ilikuwa mishipa ya macho. Ilianza kidogo kidogo, kando kando, kama mtu anayefunga mapazia. Madaktari walimwambia mapema kwamba hawana la kufanya, na wakamshauri ayatazame anayoyapenda maadamu mwanga bado upo. Alikuwa amebakiwa na kamwanga kadogo hadi mwanzo wa baridi ya Julai. Sasa hakapo.

"Kwa nini hukuniambia?" Mzee Ambakisye alikuwa akilia waziwazi. "Kwa nini, mwanangu? Ungeniambia neno moja tu, ningezifuta zote! Zote siku ileile!"

"Najua, Baba," Subilaga akasema. "Ndiyo maana sikukuambia. Ulikuwa umebaki na Mama kwenye kompyuta tu. Ningekunyang'anyaje?"

Mzee akaweka mkono kwenye kioo, juu ya shavu la mtoto wake. Mtoto hakujua kwamba ameshikwa.

Walikaa hivyo muda mrefu. Nje mvua ilianza kupiga bati, naye Subilaga akainua kichwa akiisikiliza.

"Baba," akasema, "nieleze ulivyo. Anzia juu. Usinifiche kitu."

Mzee alijifuta kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi.

"Nywele za mbele zimekwisha," akaanza. "Zilizobaki ni nyeupe. Paji la uso lina mistari, mingi, imeongezeka baada ya mama yako. Nyusi zimekuwa ndefu, zinaingia machoni. Mashavu yamebonyea kidogo, lakini nakula, usiwe na wasiwasi."

"Na mdomo? Unacheka, Baba?"

Machozi yalikuwa yakimdondokea shatini.

"Nacheka, mwanangu," akasema. "Nacheka."

Funzo: Waliotangulia hawana haraka nasi tena, lakini walio hai wana siku zao. Anayekuomba umpe muda wako mpe angali anaomba, kwa maana wanaotupenda sana ndio hutuficha kwa nini wanaomba.