Kufuli la Senkondo

"Rufaa si kufuli." Mmeisikia leo jirani akimjibu aliyekuwa mumewe, mkacheka, na sasa mnataka kujua kauli hiyo ilitoka wapi. Ilitoka humu humu ndani, wajukuu zangu. Aliyeisema kwanza ni dada yangu Nakijwa, nami nilikuwapo.

Nakijwa alipoachana na Senkondo, hakimu aliamuru nyumba iwe ya Nakijwa, maana matofali yake aliyafyatua kwa mikono yake, na shamba la kahawa libaki kwa Senkondo. Senkondo akawahi kufika, akatia kufuli mlangoni, akahamia kibanda cha shambani. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Nimekata rufaa."

Siku zile neno hilo lilitutisha. Tulidhani likishatamkwa kila kitu husimama, hata kuku asihame banda. Nakijwa akalala jikoni kwangu na mwanawe Mbonea na wadogo zake masika yote, akiitazama nyumba yake ng'ambo ya mfereji. Upepo uling'oa bati, mvua ikaanza kula ukuta. Alipoona ukuta umebonyea, alivaa kitenge cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda mahakamani.

"Mheshimiwa, rufaa ya mwenzangu itaisha lini nihamie?"

Hakimu akamuuliza, "Ameleta amri ya kusimamisha utekelezaji?"

"Hapana. Ameleta kufuli."

Hakimu alijizuia kucheka. "Mama, kukata rufaa peke yake hakusimamishi hukumu. Omba kukazia hukumu, yaani itekelezwe, mahakama itamtuma dalali wake akufungulie."

Akaomba. Senkondo aliitwa ajieleze, akaja bila ile amri. Dalali wa mahakama akaja na mwenyekiti wa kijiji, wakamkuta Senkondo amesimama mlangoni.

"Nimekata rufaa. Hamkusikia?"

"Tumesikia, baba Mbonea," dada yangu akamjibu taratibu. "Ni haki yako, nami nitakuja kuisikiliza. Nikishindwa nitatoka kwa miguu yangu. Lakini rufaa si kufuli."

Senkondo akasogea. Dalali akalikata kufuli, na kesho yake tukakanda udongo wa kuziba ule ukuta.

Rufaa ilisikilizwa mjini baada ya mavuno, Nakijwa akashinda tena. Nilifurahi, lakini ninachojivunia mpaka leo ni ile asubuhi alipokwenda kuisikiliza. Hakutokea jikoni kwangu. Alitoka nyumbani kwake, akafunga mlango wake, ufunguo akaufundika kwenye ncha ya kitenge, akapita hapa kunichukua. Njiani tulikutana na wanawake wakitoka mferejini, wakamsalimu kwa maneno yake mwenyewe: rufaa si kufuli.