Kabla Hujalaumu Gurudumu

Kabla hujalaumu gurudumu, gusa sakafu.

Mmeisikia asubuhi kwa baba yenu mkubwa, pale Aikande alipomwambia mdogo wake Ndekirwa kwamba chapati zimechanika kwa sababu amekanda unga kama mtu anayefua soksi. Baba mkubwa alipita na kikombe chake, akaisema, akatoka nje akicheka peke yake. Nanyi mkaja kuniuliza ni gurudumu lipi na sakafu ipi, maana jikoni hamkuona gurudumu. Kaeni basi. Ndekirwa, futa uso, sogea huku kwangu. Methali nyingi hatujui nani alizisema kwanza, lakini hii naijua, kwa sababu nilikuwepo na nusura nivunjike nyonga kwa ajili yake.

Methali hii ilianza hivi.

Baba yenu mkubwa Ombeni, kabla hajaoa, alikuwa dereva wa gari la mikate hapa Moshi. Wiki nzima aliendesha polepole, mikate isibonyee. Labda ndiyo maana Jumamosi alipenda kitu kinachoserereka. Yeye na wenzake walikuwa na magari ya rimoti, kila moja urefu wake kama mkate mzima, na walikutana katika ghala la zamani la kahawa, njia ya stesheni, ambako sakafu ya saruji ilikuwa imelainishwa na magunia na miguu ya watu wa miaka mingi.

Magari hayo hayakushindana mbio. Mimi mwanzoni nilidhani yanashindana, nikawa nauliza nani ameshinda, wakanicheka. Uzuri wake ulikuwa kuserereka. Gari linaingia kwenye kona kwa ubavu, mkia umetupwa nje, magurudumu ya mbele yamegeuzwa upande wa pili, nalo linapita limeinama kama mwanamke anayecheza ngoma na ndoo ya maji kichwani, na maji hayamwagiki. Matairi yake si ya mpira. Ni ya plastiki ngumu, ili yasishike sana. Yakishika sana gari haliserereki. Yasiposhika kabisa linazunguka kama pia. Hapo katikati ndipo walipomalizia Jumamosi zao, wamepiga magoti sakafuni na bisibisi mkononi, mmoja analegeza springi kidogo, mwingine anasogeza betri nyuma kidogo, wanajaribu, wanarudi tena kupiga magoti.

Na kilichopendeza kuliko vyote kilikuwa kuserereka wawili wawili. Gari moja linatangulia, jingine linalifuata ubavuni, katikati yake nafasi ya kupitisha kiganja tu. Wa nyuma hana muda wa kufikiri. Anamwamini wa mbele, basi. Ombeni alikuwa wa mbele siku zote, na wa nyuma alikuwa Sifaeli.

Sifaeli mnamfahamu, ni huyu anayewaletea ndizi mbivu. Wakati huo alikuwa fundi wa redio na simu, kijana mpole, wa maneno machache. Yeye na Ombeni walikua pamoja tangu wanatambaa. Mama yake Sifaeli alipolazwa, Sifaeli alilala kwangu, na sahani yao ilikuwa moja. Sijawahi kuwaona wakigombana hata kwa mfupa.

Basi ikatokea Jumamosi moja walikuwa wamewaalika watu wa mtaa kuja kuwatazama. Wiki hiyo waya mmoja wa gari la Ombeni ulikuwa umekatika. Sifaeli alilichukua akaenda nalo kibandani kwake, akauunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akalirudisha Ijumaa jioni limefungwa kwenye kitambaa safi. Hakutaka hata ahsante. Aliniachia mimi mlangoni, akaenda.

Asubuhi Ombeni alikwenda ghalani mapema, ndani bado kuna giza-giza, na mafua yake. Nilimwambia ajifunike shingo, hakunisikiliza. Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakawa wanachaji betri na kufuta magari yao, hakuna aliyekuwa ameshusha lake bado. Ombeni akashusha lake. Kwenye kona ya kwanza likazunguka. Akalirudisha, likazunguka tena, likagonga ukuta kwa mgongo.

Kulikuwa na binti mmoja, Kundaeli, ambaye ndiye aliyewapakia magari yao rangi, na ulimi wake haukuwa na breki. Akasema, "Kaka Ombeni, hilo gari limeamkia pombe ya mbege?"

"Liache, litatulia," alisema Ombeni.

Halikutulia. Akakaza springi za nyuma, likazunguka. Akazilegeza, likazunguka. Akasogeza betri, akabadilisha matairi, akageuza na kile kifaa kidogo kinachousaidia usukani kurudi. Kadiri alivyogusa ndivyo lilivyozidi kuharibika, mpaka hakukumbuka tena nini kilikuwa wapi mwanzoni. Mwisho akafungua magurudumu ya mbele. Ndani yake akakuta beringi ambazo hazikuwa zake. Zake zilikuwa za zamani, zina kutu. Hizi zilikuwa mpya, zinang'aa.

Hapo, wajukuu zangu, moyo wake ukaingiwa na kitu kibaya. Gari lilikuwa zima wiki iliyopita, limekwenda kwa Sifaeli, limerudi limeguswa mahali ambapo hakuambiwa aguse, na sasa halisimami.

Mimi nilifika wakati huo na chupa ya chai ya tangawizi, kwa ajili ya yale mafua. Nikiwa bado mlangoni, Sifaeli alinipita, akanisalimia, "Shikamoo mama," akaingia. Sikuwahi hata kumaliza kusema marahaba.

"Sifaeli, nilikupa gari uunge waya," Ombeni alisema kwa sauti ambayo ghala zima lilisikia. "Nani alikutuma kwenye magurudumu?"

Sifaeli akasimama. "Ulitaka nikuombe ruhusa?"

"Nataka kujua umefanya nini. Limeharibika. Watu wanakuja mchana huu na mimi nazunguka kama mwendawazimu."

"Sijaharibu kitu."

"Basi limejiharibu lenyewe. Au umechoka kuwa wa nyuma? Ungesema tu, kaka. Ningekupisha."

Sifaeli alimtazama Ombeni kwa muda. Alilichukua gari lake, akalitia kwenye mkoba taratibu, akafunga zipu. Nilimwona anavyoifunga, nikajua kwamba huyu akitoka mlango huu harudi. Watu wapole ndivyo walivyo. Hawapigi kelele, wanaondoka. Na mwanangu alikuwa amesimama pale na gurudumu mkononi, anaona rafiki yake anakwenda.

Nikaona niingie. Sikujua nitasema nini, nilijua tu kwamba nina chai. Nikapiga hatua ya haraka, na mguu wangu wa kwanza ukaenda bila mimi.

Sifaeli alikuwa amefika karibu na mlango. Aliuachia mkoba, ukaanguka na gari lake ndani, akanidaka kwa mikono miwili, chupa ya chai na mimi pamoja. Gari lile alilijenga mwenyewe kwa muda mrefu, na hakugeuka hata kulitazama. Alisema tu, "Pole mama. Umeumia?"

"Sijaumia. Sakafu hii ina nini leo?"

Sifaeli akachuchumaa akapitisha kiganja pale nilipoteleza. Akakinusa. Kisha akamwita Ombeni, si kwa hasira, kama vile wanavyoitana siku zote. "Njoo uguse hapa."

Ombeni akaja, akagusa. Akanusa naye, lakini kwa mafua yale angeweza kunusa kitunguu kibichi asijue. "Ni nini?"

"Nta," alisema Sifaeli. "Sakafu imepakwa nta. Hapa hata paka angezunguka."

Kundaeli akashusha gari lake kuhakikisha. Likazunguka kama la Ombeni, tena vizuri zaidi. Ombeni akalitazama, akatazama gurudumu alilolishika, na zile beringi mpya ndani yake.

"Na hizi?" aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Zako zilikuwa zimeisha," alisema Sifaeli. "Nilikuwa nazo mbili nilizoziweka kwa ajili ya gari langu. Nikaona wewe ndiye wa mbele, wewe ukiyumba na mimi nimekwisha."

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga ukamwagika sakafuni. Akaingia Mama Nsia, mama aliyetunza funguo za ghala lile. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Mmeionaje sakafu yangu?" aliuliza.

Wote wakamtazama Ombeni, maana ndiye aliyeumizwa na sakafu ile kuliko wengine.

"Mama Nsia, ni wewe umepaka?"

"Jana mchana kutwa. Kopo lilibaki harusi ya Nsia, nikasema nalitunza la nini. Kila wiki nawaona mmepiga magoti hapa, mkiinuka suruali zote vumbi, na wageni leo wanakuja. Ninyi mlinitengenezea mlango ule. Mnajua bega langu lilivyokuwa likiniuma kuusukuma?" Akausukuma mlango kwa kidole kimoja ili waone, ukaenda wenyewe. "Na mimi nikasema, niwapakie nta."

Nilimtazama mwanangu. Angeweza kumwambia kwamba nta yake imemharibia siku na nusura imharibie na rafiki. Angekuwa amesema kweli. Lakini alivua kofia yake na kusema, "Inang'aa, Mama Nsia. Tangu nianze kuja hapa sijaiona inang'aa hivi. Ahsante sana."

Siku ile nilimpenda mwanangu upya.

Mama Nsia alipokwenda kupanga viti, Ombeni alirudi akaketi sakafuni kando ya Sifaeli, ambaye alikuwa ametoa gari lake mkobani. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka.

"Nimekuvunjia gari na nimekuvunjia heshima," alisema Ombeni. "Mbele za watu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Kioo si kitu."

"Sikusema kioo."

Sifaeli akanyoosha mkono. "Lete hilo gari lako. Umelifungua kama kuku wa Krismasi."

Wakalirudisha pamoja. Sifaeli alikumbuka kila springi ilivyokuwa, maana macho yake yalikuwa yamelifuata gari lile kwa nyuma miaka yote. Hapo, akiwa anakaza skrubu bila kuinua kichwa, ndipo aliposema, "Siku nyingine, Ombeni, kabla hujalaumu gurudumu, gusa sakafu."

Kundaeli akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko chake kikawapa wengine ruhusa. Nikawamiminia chai.

Watu walipojaa mchana, Ombeni alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alichukua rimoti yake akamtilia Sifaeli mkononi. "Endesha langu, uwe mbele. Lina beringi zako, ni lako nusu. Mimi nitafuata na lako."

"Hujawahi kufuata."

"Ndiyo maana."

Kwa sababu ya nta walilazimika kwenda taratibu sana, wanagusa rimoti kama mtu anayemlaza mtoto. Magari yaliingia kwenye kona yameinama, moja nyuma ya jingine, hayana haraka, hayagusani, na chini yake sakafu iling'aa ukaona magari manne badala ya mawili. Wageni hawakupiga kelele. Walinyamaza, kama watu wanavyonyamaza kwaya ikianza vizuri. Ombeni alikuwa amefungua mdomo kama mtoto. Aliniambia baadaye kwamba kule nyuma ndipo alipojua ni kazi gani Sifaeli alikuwa akiifanya siku zote, naye akidhani anafuatwa tu.

Na Mama Nsia, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alimwegemea jirani yake akasema, "Unaona? Nilijua nta itawasaidia."

Hakuna aliyemsahihisha. Akaendelea kupaka kila alipopata kopo, nao wakatafuta matairi laini kidogo yanayopatana na nta yake, na mpaka leo wanayatumia. Mkienda ghalani Jumamosi mtaona kila anayeingia anainama na kuweka kiganja sakafuni kabla hajawasha gari. Wageni hudhani ni sala.

Neno la Sifaeli likatoka ghalani. Kundaeli alilipeleka sokoni, Ombeni akaligawa pamoja na mikate, na siku hizi nalisikia kwa watu ambao hawajawahi kuliona gari la rimoti. Mtu anamlaumu mkewe, au mwanafunzi, au ng'ombe asiyetoa maziwa, na mwenzake anamwambia. Wengine hulitumia kuonya. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine. Siku ile gurudumu lililolaumiwa ndilo lililokuwa na zawadi ndani, na sakafu iliyoleta balaa nayo ilikuwa zawadi. Ukiwa na hasira huvioni vyote viwili.

Sasa Aikande, ule unga wa leo ulitoka wapi? Umesahau. Jirani yetu ndiye aliyetuletea jana, na ni unga wa mandazi, una hamira tayari ndani yake. Hata mimi ningeukanda, chapati zingevimba na kuchanika. Mdogo wako amekanda vizuri, nimegusa donge lililobaki. Mgeukie umwambie wewe mwenyewe, kisha mchome mandazi, na ya kwanza mpelekeeni jirani mkamshukuru. Na msimwambie habari ya chapati.

Kabla hujalaumu gurudumu, gusa sakafu.